Kago la Serikali

Siku ambayo Mabruki Nyange aliamini ndiyo ya kufa kwake ilikuwa Ijumaa, mwaka wa hamsini na tisa, na alikuwa amevaa shati jipya. Yeye ndiye aliyekuwa dereva wa lile gari la abiria la kijani la Konde, lenye mabenchi ya mbao na milango miwili, mmoja haufungi na wa pili haufunguki. Breki zake zilitaka kuarifiwa mapema, kama jamaa wanaoalikwa harusi. Mabruki akitaka kusimama Wete, alianza kuzikanyaga akiwa bado anaagana na watu wa Konde.

Ijumaa hiyo alipakia watu sitini kwenye gari la watu thelathini. Wote walikuwa wanakwenda kutazama fainali ya kombe, timu yao na timu ya Wete. Waliokosa nafasi ndani walikaa juu ya paa, na waliokosa paa waliwakalia waliokaa juu ya paa. Mbele, ubavuni mwa dereva, alijibanza Pandu, fundi cherahani, ambaye hakuwahi kuugusa mpira hata siku moja lakini alijua makosa ya kila mchezaji kisiwani. Kila kilima walichokipanda alimwambia Mabruki kwamba anachelewa, na kwamba punda wa babu yake, aliyekufa mwaka wa vita, angekuwa ameshafika na kurudi.

Mabruki alikuwa na lake moyoni. Wiki mbili nyuma Bwana Mudiri, mkuu wa serikali pale Wete, alikuwa ametoa amri: siku ya mpira, tangu baada ya sala ya Ijumaa mpaka magharibi, gari lolote lisisimame kwenye njia za nyumba za watu karibu na uwanja. Watu wa mtaa ule walikuwa wamechoka. Magari yalikuwa yanasimama vizingitini, yanagonga makuti ya mapaa, yanamwaga mafuta mahali watu wanapoketi kupunga upepo, na abiria wake wanaufanya kila ukuta kuwa choo. Sasa magari yote yakakae kwenye sakafu ya kuanikia karafuu, mwisho wa mji, na watu waende kwa miguu. Dereva atakayekaidi atanyang'anywa leseni. Mabruki aliyasikia hayo yakisomwa sokoni Konde, akatikisa kichwa kwa adabu, na kusema kweli alikusudia kutii.

Lakini walipoingia Wete firimbi ililia uwanjani, na makelele yakapanda. Watu wa paani wakaanza kupiga bati kwa miguu. Kutoka sakafu ya karafuu mpaka uwanjani ni mwendo wa robo saa kwa mtu mwepesi, na Pandu hakuwa mwepesi.

"Kata hapa," alisema, akionyesha kichochoro kati ya nyumba. "Koplo wa polisi mwenyewe yuko mpirani. Nani atakuona?"

Mabruki akakata. Alianza kukanyaga breki mapema kama kawaida yake, lakini kichochoro kilikuwa na mteremko, na gari likateleza mpaka mbele ya nyumba moja ya makuti yenye mlango uliofungwa. Hapo gurudumu la mbele likapanda kitu, kitu kikavunjika, na chini kukasikika mlio wa chupa inayopasuka. Gari likasimama.

Pandu aliinama kutazama. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Chini ya gurudumu palikuwa na fito iliyovunjika katikati. Kwenye fito palifungwa kitambaa chekundu, na chini ya kitambaa ilining'inia shingo ya chupa, imezungushiwa uzi mweusi wenye mafundo. Sehemu nyingine ya chupa ilikuwa mchangani, vipande vipande, na maji yake yalikuwa yanakauka.

Hakuna Mpemba aliyehitaji kuambiwa. Lile lilikuwa kago, ile dawa wanayoitundika wenye mashamba ili mwizi akigusa kitu chao tumbo limfure, lifure, lifure, mpaka mwenye kago mwenyewe amtegue. Na kila mtu alijua pia kwamba lisipoteguliwa kabla ya jua kuzama, haliteguki tena.

Watu sitini walishuka kwa upande wa pili wa gari, kimya, kama wanaotoka kwenye nyumba ya mgonjwa. Wa paani hawakukanyaga hata ngazi, waliruka. Pandu, ambaye ubavu wake ulikuwa upande wa ule mlango usiofunguka, alipita dirishani, na mpaka leo Konde hawajui kiuno kile kilipenyaje.

"Pandu," Mabruki aliita. "Yakhe, n'ngoja."

Pandu alisema bila kugeuka, "Mie sikushika usukani."

Mabruki akabaki peke yake. Alitazama jua. Lilikuwa bado juu ya minazi, lakini alivyoliona yeye lilikuwa linashuka mbiombio, kama gari lisilo na breki. Akakumbuka habari za Silima wa Makangale, binamu ya mama yake, aliyekata fenesi moja la watu. Tumbo la Silima lilifura mpaka wakavunja kizingiti kumtoa nje, na walipompeleka kwa mwenye shamba kuomba radhi, mwenye shamba alikuwa ameshasafiri kwenda Tanga. Silima alizikwa kwenye kaburi la upana wa watu watatu.

Akajishika tumbo. Lilikuwa gumu. Akalibonyeza upande huu, likasukuma upande ule. Adhuhuri alikuwa amekula muhogo wa nazi sahani mbili na papa mkavu, akashushia machungwa manane, lakini hilo halikumjia akilini hata kidogo. Kifungo cha chini cha shati jipya kilikuwa kimeanza kuvuta uzi.

Akaenda kwenye ule mlango uliokuwa mbele ya gari, akapiga hodi mara tatu. Akahisi kuna mtu nyuma ya mlango, kwa sababu kivuli kilipita kwenye upenyo wa chini, lakini hakuna aliyejibu. Akaenda nyumba ya pili, hapana mtu. Ya tatu, mbuzi. Mtaa mzima ulikuwa mpirani. Kwenye pembe ya kichochoro alimkuta Hija muuza kahawa, anapanga vikombe vyake akisubiri mpira uishe.

Mabruki alimsalimu, akamuuliza fito ile yenye kitambaa chekundu ni ya nani. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Ile kaiweka Koplo Othman," Hija alisema. "Juzi asubuhi. Kaja na Bwana Mudiri mwenyewe, wakapima kwa hatua, wakaichomeka."

Hapo ndipo Mabruki alipoona amekwisha. Kago la mkulima lina mwenyewe. Utamwendea, utamlilia, atakutegua. Kago la serikali utamwendea nani? Akaona mbele yake karatasi zinazopita Wete kwenda Unguja, kutoka Unguja kwenda Ulaya, zinapigwa mihuri na watu wanaokunywa chai, na yeye huku amelala chali tumbo limefika darini. Akamshukuru Hija, akakimbia kuelekea uwanjani ameushika mkanda wa suruali kwa mikono miwili.

Uwanjani watu walikuwa wengi hata waliokaa minazini walikuwa wanasukumana. Koplo Othman alikuwa amesimama kwenye kamba, fimbo ya askari kwapani, mgongo kwa uwanja kama amri inavyotaka, na kila mara anaiba kutazama. Mabruki alimshika mkono.

"Afande, mie ndiye niliyevunja. Nipeleke kwa Bwana Mudiri anitegue."

Koplo hakuelewa. Mabruki akamweleza yote: kichochoro, gurudumu, fito, chupa. Alipofika kwenye gari kusimama mbele ya nyumba, Koplo aliacha kabisa kuutazama mpira. Amri ilikuwa na wiki mbili na hajapata bado mtu wa kumkamata, na huyu amejileta kwa miguu yake. Alinyoosha mkono, akataka leseni. Mabruki aliitoa haraka, kama mtu anayetoa kibiriti. Leseni ndiyo iliyokuwa inamlisha yeye na mkewe Masika na mama yake mzazi, lakini wakati ule kama Koplo angetaka na shati angepewa.

"Ichukue, afande. Mie nataka roho yangu tu."

Koplo Othman alicheka mpaka kofia ikalegea. Njiani, wakirudi kichochoroni, alimweleza kwamba ile ni alama tu ya kuzuia magari. Serikali haikuwa na mabati ya kuandikia, Bwana Mudiri akasema watumie fito na vitambaa vya bendera chakavu. Wamezichomeka kumi na mbili. "Kago," alisema, akacheka tena. "Nyinyi watu wa Konde mna maneno."

Kwa hatua kama ishirini Mabruki alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Pemba. Tumbo lilikuwa bado linauma, lakini lilikuwa tumbo lake mwenyewe.

Koplo alipofika garini aliinama, akaishika fito, akaing'oa kwa mkono wake ili amwonyeshe. Kitambaa kikapepea. Shingo ya chupa ikagonga fito, ti, ti. Koplo akaacha kucheka.

"Chupa hii si yetu," alisema.

Wakatazamana. Uzi mweusi ulikuwa na mafundo saba. Koplo aliyahesabu bila kutaka. Aliiweka fito chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akajifuta mkono kwenye suruali, akautazama, akajifuta tena. Jua lilikuwa limeshafika kwenye vichwa vya minazi.

"Umegusa," Mabruki alisema.

"Najua kama nimegusa."

Safari hii walipiga hodi wote wawili kwenye ule mlango uliofungwa, na Koplo hakupiga kiaskari. Alibisha kwa ncha za vidole. Wakasubiri. Halafu sauti ya mwanamke ikasema kutoka ndani, karibu sana na mbao, kwamba yeye ni Bi Mwanapili, yumo edani, kafiwa na mumewe na siku zake hazijatimia, hafungulii wanaume. Wakitaka kusema, waseme hapo hapo walipo.

Mabruki alipiga magoti mchangani. Akamuuliza kama chupa ni yake.

"Yangu," Bi Mwanapili alisema. "Fito ya serikali wameichomeka mlangoni pangu. Jana, kwenye mazoezi, gari mbili zimeipita kama hawakuiona. Nikatoa mkono, nikaifunga na changu."

Koplo alimuuliza, kwa adabu ambayo wenzake wa kambini wasingeiamini, kilichokuwa ndani ya chupa ni nini.

"Kilichomo nakijua mie."

Mabruki akaomba radhi kwa Mungu na kwa Mtume na kwa wazee wake wote waliotangulia. Akamwomba amtegue, jua linakwenda. Uwanjani watu walipiga kelele, bao la Konde, na Mabruki hakulisikia.

"Siku aliyokufa mume wangu palikuwa na mpira," Bi Mwanapili alisema. "Gari moja lilisimama hapa, limeziba mlango. Keshaoshwa, keshavishwa sanda, jeneza halitoki. Watu wameenda kumtafuta dereva uwanjani, hawakumpata. Tumekaa naye ndani mpaka mpira ukaisha, na siku ile waliongeza dakika." Kivuli kikasogea kwenye upenyo wa chini. "Sikuliona lile gari, nilikuwa ndani. Weye una gari gani, baba?"

Mabruki aligeuka kulitazama gari lake. Alikumbuka. Alikumbuka watu wenye kanzu waliosimama karibu na gari lake aliporudi kutoka uwanjani, wasiosema kitu, na yeye akawapungia mkono akidhani wanasubiri kupanda. Angeweza kusema jekundu. Angeweza kusema halina rangi. Lakini tumbo lilikuwa limemfika kifuani, na mbele ya mwenye kago uongo ungemmaliza palepale.

"La kijani, Bi," alisema. "Ndilo hili. Ndiye mie."

Koplo Othman alisogea hatua mbili kando, amwache peke yake. Kivuli cha gari kilikuwa kimerefuka mpaka kimegusa mlango. Mabruki alianza kutamka shahada polepole, aimalize kwa wakati.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Mkono wa mwanamke, umevikwa shuka nyeupe, ukatoa bakuli la maji.

"Kunywa. Baki jipake tumboni."

Alikunywa, akajipaka. Maji yalikuwa ya baridi, yana harufu ya mawaridi kama yale yanayonyunyizwa maiti, na nywele zilimsimama. Koplo naye alinyoosha mkono uliogusa fito, bila kuulizwa, na Mabruki akammiminia matone ya mwisho. Halafu kitu kikapanda kutoka tumboni mwa Mabruki, kikapita kifuani, kikatoka. Wako watu wazima wa Wete wanaoapa kwamba sauti ile ilifika uwanjani, na kwamba kipa wa Konde aligeuka kuitafuta ilikotoka, ndipo akafungwa bao la kusawazisha.

"Nimekutegua weye," Bi Mwanapili alisema nyuma ya mlango, ambao ulikuwa umeshafungwa. "Gari sikulitegua. Likisimama tena mbele ya mlango wa mtu, litajua lenyewe la kufanya."

Koplo Othman aliirudisha leseni kwa vidole viwili, ameishika pembeni. Hakutaka kubaki na chochote cha mtu yule mfukoni mwake.

Watu wa Konde waliyasikia maneno ya mwisho kutoka kwa Hija, aliyekuwa amesogea kusikiliza, kabla mpira haujaisha, na hakuna hata mmoja aliyekubali kupanda. Walirudi kwa miguu, watu sitini, Pandu wa nyuma kabisa amebeba viatu. Mabruki aliwafuata nyuma na gari tupu, taa zimewashwa ili wasijikwae, na kila alipowakaribia walikimbia.

Aliendesha miaka mingi baada ya hapo, na hakusimama tena mbele ya nyumba ya mtu, hata yake mwenyewe. Gari alililaza bondeni, kwenye mpunga, mbali na milango yote, na Masika akawa anateremka na chakula kichwani kila jioni, kwa sababu mumewe hakuliacha mpaka alizunguke mara tatu na kuhakikisha kwamba injini imezimika kweli.