Mashine ya Gemu kwa Hyasinta

Wilibrodi alirudi nyumbani Karatu mwezi wa sita, mwaka wa themanini na saba, akiwa na begi moja na mashine moja. Begi alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wangu, wala hakulifungua. Mashine ilishushwa kutoka kwenye lori na wanaume wanne, ikaingizwa kwenye hoteli ya chai na chakula ya Hyasinta, mahali ambapo zamani lilisimama kabati la vikombe.

Ilikuwa mashine ya gemu, ndefu kuliko mimi. Ilikuwa na kioo kama cha televisheni, chini yake kijiti cha kushika na vitufe viwili, halafu tundu la kutumbukizia shilingi. Ukitumbukiza, vidude vinashuka kwa makundi kama kwelea wanavyoshukia ngano, nawe unavipiga mpaka viishe au vikumalize.

Wilibrodi ni kitinda mimba wangu. Miaka mingi alikaa Arusha akitengeneza redio kwenye duka la mzee Josephati, na mashine hii ilikuwa ya Josephati. Walikuwa wamekubaliana. Ikifanya kazi vizuri Karatu, Wilibrodi atakaa hapa aiangalie, na pembeni atafungua meza yake ya kutengeneza redio. Ikishindwa, Josephati atakuja mwezi wa saba na gari lake, aichukue mashine pamoja na fundi wake. Ndiyo maana begi lilibaki kwenye msumari. Kila nilipofunga mlango lilinitazama. Sikumwambia mwanangu kitu. Nilipika, nikaomba.

Siku zile nguzo za umeme hazikuwa zimefika kwetu. Jirani yetu Sylvesta alikuwa na injini ya dizeli ya kusagia mahindi. Akimaliza kusaga, mchana ukishapinda, alihamisha mkanda wa injini akaufunga kwenye dainamo, na hapo hoteli ya Hyasinta ikapata taa, friji ya soda, na sasa gemu.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, vijana wakajaa mpaka mlangoni. Kisha akaja Lusia, dada wa marehemu mume wangu, na zawadi yake.

Lusia alimlea Wilibrodi mwaka niliougua mimi, akimbeba mgongoni kwenda naye shambani. Ujanani mikono yake ilishona shanga kwenye sketi za ngozi, na watu walitoka Mbulu kuja kuziangalia. Sasa macho yalikuwa yamefifia, lakini vidole bado viliona. Aliposikia mtoto wake amerudi na chombo cha thamani, alifumua sweta zake mbili, nyekundu na kijani, akafuma kwa kulabu kitambaa kikubwa cha kukifunika. Kwetu hakuna redio iliyokaa uchi. Redio ina kitambaa, kiti kina kitambaa, hata birika la Hyasinta lina chake.

"Vumbi la Karatu linaingia hata kwenye yai," alisema Lusia, huku akikipapasa mahali pake. "Na baridi hii! Chuma kinasikia baridi kuliko mtu."

Kitambaa kilikaa juu ya mashine, kikashuka nyuma na pembeni mpaka karibu na sakafu. Mbele kioo kilibaki wazi, kama uso wa bibi harusi. Wilibrodi alimshika shangazi yake mikono yote miwili akamwambia hajawahi kupewa kitu kizuri namna ile, na sikuona hata chembe ya uongo usoni mwake.

Baada ya hapo mashine ikaanza kuzimika.

Haikuzimika mara moja. Mtu anacheza vizuri, kisha picha inatetemeka, vidude vinasimama, kioo kinakuwa cheusi. Unasubiri, inawaka yenyewe na kuanza upya, halafu inazimika tena. Saruni, mfugaji kutoka Olbalbal aliyekuja mnadani na ng'ombe wa baba yake, ndiye aliyeipenda kuliko wote. Fimbo aliiegemeza mlangoni, shuka akalitupa begani, akacheza kama aliyezaliwa nayo.

"Wili," alisema ilipomzimikia, "huyu ng'ombe wako analala kabla hajakamuliwa!"

"Subiri, nitamwamsha."

"Kwetu ng'ombe wa hivyo tunamuuza."

"Utamuuzia nani? Wewe ndiye mnunuzi peke yako hapa."

Watu wakacheka, na Wilibrodi akacheka nao. Lakini jioni ile ugali wake aliumega kidogo sana.

Alitafuta ubaya kwa utaratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Kwanza aliishuku friji. Alisema friji ikianza kunguruma inavuta umeme mwingi, na mashine inabaki na njaa. Hyasinta hakungoja kuombwa. Aliichomoa friji mwenyewe, na soda zake akaziweka kwenye karai la maji.

"Watakunywa za uvuguvugu," alisema. "Soda haijamuua mtu."

Mashine ikazimika vilevile. Wilibrodi akaenda kwa Sylvesta, wakakaza mkanda wa dainamo, wakapima. Umeme ulikuwa sawa. Akabadilisha plagi, akaangalia fyuzi, akafuata waya kwa vidole kutoka ukutani hadi ndani. Nilikuwa nakwenda kukaa naye nikiwa na kahawa. Nyuma ya kile kioo, alisema, umeme unabaki hata ukishazima, kama nyoka aliyekatwa kichwa, kwa hiyo alipofanya kazi upande ule mkono mmoja aliuweka mfukoni. Nilifurahi kumwona anautunza mwili niliouzaa.

Kila alipoanza kazi alikivua kitambaa cha Lusia taratibu, akakikunja. Kila alipomaliza alikirudisha, akanyoosha pembe zake. Zawadi ya mkubwa haiwekwi kando.

Ijumaa, siku moja kabla ya Josephati kuja, Sylvesta aliacha kusaga mapema kwa ajili yetu. Wilibrodi akafungua mgongo wa mashine, na kwa kuwa aliniona najikunyata, akanitandikia kitambaa magotini.

"Ona hapa, Aayo," alisema, maana nyumbani wanangu huniita hivyo, mama kwa Kiiraqw. Alinionyesha kisanduku cha bati chenye matundu. "Hii ndiyo pawa saplai. Inapokea umeme mkali wa Sylvesta, inaupoza mpaka mashine iweze kuula. Volti tano tu. Zikipungua, mashine inasahau inafanya nini."

"Na zinapungua?"

Akagusa kwa nyaya za mita yake ya kupimia umeme. "Hazipungui. Ni tano. Hilo ndilo linalonichosha. Nikiiangalia ni nzima, nikigeuka inaugua."

Aliunganisha yote, akamwita Saruni acheze. Saruni akacheza. Akamaliza kundi la kwanza la vidude, la pili, na mengine ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Hyasinta alipiga vigelegele jikoni. Saa nzima ikapita na zaidi, mashine inaimba tu. Nilianza kulifikiria lile begi kwa moyo mwepesi.

Ndipo tukasikia fimbo ya Lusia ikigonga mawe ya nje.

"Kitambaa!" alinong'ona Wilibrodi. Tukakitandaza haraka, mimi pembe hii, yeye pembe ile, ili shangazi asije akapapasa akakuta mashine iko uchi. Lusia akaingia, akasalimia mmoja mmoja, akapewa kiti na chai ya maziwa. Alisikiliza kelele za gemu akitabasamu. Kabla kikombe hakijafika nusu, picha ikatetemeka, kioo kikawa cheusi.

Saruni akakiachia kijiti.

Wilibrodi alisimama ameshika kiuno. Kisha akavua kitambaa, akakikunja kama kawaida, akaniwekea magotini. Kilikuwa cha moto, moto wa mgongo ulioshushwa mtoto sasa hivi. Nilikaa nacho kidogo. Halafu nikamnyooshea.

"Shika, baba."

Alishika. Akanitazama, akatazama feni ndogo iliyoko nyuma ya mashine, ile inayotoa hewa ya moto nje, akatazama kitambaa tena. Niliona amejua. Mwezi wa saba, Karatu, sote tumevaa makoti, nani angefikiria joto? Na kila alipotafuta ubaya alikuwa ameuvua kwanza kwa heshima.

Kisha akamtazama shangazi yake, aliyekuwa akipuliza chai, na akatikisa kichwa kidogo kunionya nisiseme.

"Nafikiri ni friji, shangazi," alisema. "Ngoja nirudishe kitambaa chako."

Alikuwa ananyoosha mikono kukirudisha kweli. Begi lilikuwa kwenye msumari, Josephati alikuwa njiani kesho, na mwanangu alikuwa tayari kurudi Arusha kuliko kumvunja moyo mzee. Nilishindwa kumkemea. Nilishindwa pia kumsifu.

"Friji?" alisema Lusia. "Friji si imechomolewa? Mbona sijaisikia inanguruma tangu niingie? Lete hicho kitambaa."

Akakipokea. Vidole vyake vikatembea juu ya sufu, vikafika katikati, vikasimama.

"Cha moto," alisema. "Na hapa nyuzi zangu zimesukumwa nje. Kuna nini hapa nyuma?"

Wilibrodi akamsogelea. "Feni, shangazi. Inatoa joto."

"Nami nimeiziba pua."

"Hapana, shangazi, ni…"

"Wilibrodi! Nilikubeba mgongoni kutoka hapa hadi shamba la juu. Je, nilikufunika uso?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. "Mnaona haya kuniambia! Mlikuwa mnaiacha mashine ife ili bibi kizee asinune! Hyasinta, lete mkasi."

"Usikikate, shangazi," alisema Wilibrodi. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Nyamaza. Nioneshe hiyo feni ilipo."

Wilibrodi alimshika mkono akauweka kwenye upepo wa moto. Lusia aliupima ukubwa wake kwa kiganja, akakipima kitambaa, akakata uzi mmoja, akafumua kuanzia hapo. Nyuma pakafunguka dirisha. Kisha akatoa kulabu kwenye mkunjo wa khanga, akaanza kulizungushia ukingo ili lisiendelee kufumuka, na Wilibrodi akakaa chini miguuni pake ameshika uzi, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo. Pembeni, penye matundu ya hewa ya mashine, Lusia akafungua dirisha jingine. Saruni aliuliza kama anaweza kupata la tatu, kwa ajili ya ng'ombe kuchungulia.

"Wewe nitakushonea mdomo," alisema Lusia.

Kilipovishwa tena, Wilibrodi alipima kwa mita kupitia dirishani. Volti tano. Akangoja, akapima tena. Akaniinulia mita niione, ingawa alijua sijui kuisoma.

Josephati alikuja Jumamosi na Land Rover iliyojaa vumbi. Alikuwa mtu wa maneno machache na mwenye adabu. Alikula wali na maharage ya Hyasinta, akacheza, akashindwa, akacheza tena. Friji ilikuwa imerudishwa, inanguruma. Alizunguka nyuma ya mashine, akaona kitambaa na dirisha lake, akaweka mkono pale.

"Nani amefuma?"

"Shangazi yangu," alisema Wilibrodi.

"Amefikiria vizuri. Hata hewa inapita."

Lusia, kwenye kiti chake, alijitia anatafuta fimbo.

Josephati aliondoka kabla jua halijazama, peke yake garini. Wilibrodi alibaki barabarani akimpungia mkono mpaka vumbi likatua.

Jumatatu nilipofunga mlango, begi lilikuwa limelegea kwenye msumari. Nililishika, halikuwa na kitu ndani. Mashati yake yalikuwa kwenye beseni, yananingoja. Niliyafua, nikayaanika uani. Kisha nikalitungua lile begi, nikalipiga vumbi, nikalijaza mbegu za maharage za msimu ujao, na kulirudisha mahali pake.