Panya wa Rafu ya Kushoto

"Soma, kisha utie saini hapo chini," Profesa alisema, akaisukuma barua mezani kwa kidole kimoja.

Mama Vizimba hakuigusa. Alikuwa ameshaisoma ikiwa bado upande wa Profesa, kwa sababu miaka kumi na tisa ya kusimama mbele ya meza za wakubwa inamfundisha mtu kusoma maandishi yaliyopinduka. Barua ilisema kwamba yeye, mtunza panya wa kitivo cha tiba ya wanyama, alichanganya chupa za maji kwa uzembe wake na kuuharibu utafiti. Ilisema pia kwamba anajuta. Kumbe hata majuto alishaandikiwa, kilichobaki ni kuweka jina.

Pembeni ya Profesa walikaa mwenyekiti wa kamati ya utafiti, ambaye ni mama wa makamo aliyetibu ng'ombe nusu ya maisha yake, na mwanafunzi wa udaktari ambaye utafiti ule ndio uliokuwa shahada yake. Mwanafunzi aliangalia viatu vyake. Profesa alieleza kwa sauti ya upole, ile sauti anayotumia mtu mwenye haraka, kwamba Mama akisaini atahamishiwa jengo la pili kuosha vyombo vya maabara, na mambo yataishia hapo. Asiposaini, hana kazi kuanzia kesho.

Jana jioni, aliporudi nyumbani na habari ya barua hiyo, binti yake alimwambia asaini tu, mama, jina ni jina, litafutika. Mama Vizimba hakulala vizuri kwa neno hilo. Jina lake halikuwa limeandikwa popote katika kitivo kile, si mlangoni, si kwenye vitabu vilivyotoka humo, na wanafunzi wenyewe walimpa hilo la Mama Vizimba kwa sababu hawakujishughulisha kuuliza lingine. Leo ndiyo mara ya kwanza wanalitaka jina lake halisi, na wanalitaka ili walipake matope. Hasira ilimpanda.

Dawa yenyewe ilikuwa unga wa kutuliza woga. Nia ilikuwa siku moja wapewe mbwa, wale wanaotetemeka na kuuma watu mara tu wanapoingizwa kliniki. Lakini kabla ya mbwa huanza panya. Panya weupe wa kundi moja walinyweshwa maji yenye dawa, wa kundi la pili maji matupu, halafu kila mmoja akabebwa hadi kwenye ubao wa kupimia: mbao nne zilizoungana katikati, zimeinuliwa usawa wa kiuno, mbili zina kuta na mbili hazina. Panya mwenye woga hujibanza penye kuta. Aliyetulia hutoka nje, anatembea hadi ncha ya ubao ulio wazi na kuchungulia sakafu.

Mwaka wa kwanza panya wa dawa waliwekwa rafu ya kushoto, na walitembea juu ya ule ubao kama wenye mji. Profesa alialikwa mikutanoni, akavimba kichwa. Mwaka wa pili kamati ikataka makundi yabadilishane rafu ili kuondoa shaka. Mambo yakageuka. Wa dawa, sasa wakiwa kulia, wakajibanza penye kuta. Wa maji matupu, sasa wakiwa kushoto, wakatoka wakatamba. Profesa hakuumiza kichwa. Dawa haikosei, basi aliyekosea ni mwenye kujaza chupa.

Na mwenye kujaza chupa alizijaza sawasawa, moja baada ya moja, akisoma kila lebo mara mbili. Siku tatu nzima alijiuliza kama kweli alikosea. Aliwaza akiwa anafagia, aliwaza akiwa anapika, hadi jana asubuhi alipomwona mwanafunzi akimtoa panya kizimbani kwa kumshika mkia, na panya akajipinda hewani akitafuta pa kushika. Hapo akasimama na fagio mkononi.

Rafu ya kulia ilikuwa ya wanafunzi. Ya kushoto ilikuwa yake. Ndivyo walivyogawana kazi tangu zamani, na hakuna aliyeona haja ya kuandika jambo dogo kama hilo. Wanafunzi walifundishwa na kitabu kumwinua panya kwa mkia. Yeye hakufundishwa na mtu. Aliweka viganja viwili kizimbani, akangoja, na panya akapanda mwenyewe. Aliwahi kuwaambia wanafunzi wajaribu hivyo. Walicheka, si kwa ubaya, wakamuuliza kama anawaimbia pia.

"Sikuchanganya chupa," alisema hatimaye.

"Mama, tusirudi nyuma," Profesa alisema.

"Nipeni nusu saa na ule ubao. Nisipowaonyesha, nasaini. Na kuosha vyombo sitaki, nitakwenda zangu."

Profesa alianza kusema kitu kuhusu ratiba, lakini mwenyekiti alikuwa ameshasimama.

Chumba cha vipimo kilinuka dawa ya kusafishia na maranda ya mbao. Mama Vizimba alileta panya sita wa akiba, watatu wa rafu yake na watatu wa rafu ya kulia, ambao hawajawahi kuonja dawa wala kuandikwa katika kundi lolote. Alimwomba mwanafunzi awabebe wa kulia kama anavyowabeba siku zote, asibadilishe chochote. Mwanafunzi akamshika wa kwanza mkiani, akamtua katikati ya ubao. Panya akakimbilia penye kuta, akajikunja huko, na saa ya kupimia ikamaliza dakika zake tano bila yeye kutoa hata pua. Wa pili vilevile. Wa tatu alijinyea.

Kisha yeye. Viganja kizimbani, kungoja, na panya akapanda. Alipomtua ubaoni, panya alinusa hewa, akajisafisha masharubu, akatoka zake hadi kwenye ncha iliyo wazi na kuchungulia viatu vya Profesa. Wa pili akatoka. Wa tatu akakawia kidogo, naye akatoka.

Mwanafunzi alikuwa analia bila sauti, maana alikuwa mwerevu na alishaelewa: miaka miwili walikuwa wamepima mikono, wala si dawa. Mwenyekiti aliitoa kwenye faili lake ile barua aliyoichukua mezani, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Kwa nini hukusema?" Profesa aliuliza. Sauti ya upole ilikuwa imemwishia.

"Nilisema. Mlicheka."

Ilipaswa kuwa raha. Alijua hata wakati ule kwamba ilipaswa kuwa raha, na kwa dakika moja ilikuwa hivyo kweli, ilimpanda kifuani akataka kucheka mbele yao kwa zamu yake. Kisha Profesa, akikusanya karatasi zake bila kumwangalia mtu, akasema kwamba hao sita wametolewa nje ya chumba chao bila kibali, kwa hiyo hawarudi. Utaratibu anaujua. Wamalizwe leo.

Mama Vizimba aliujua. Ni yeye aliyebandika utaratibu ule mlangoni, na kila Ijumaa alimkemea mtu kwa kuusahau. Panya akitoka chumba cha ufugaji harudi tena, asije akawaletea wenzake maradhi. Leo hasira ilimpofusha, akapita mbele ya tangazo lake mwenyewe na panya sita. Angeweza kuomba kibali. Angeweza kuwapeleka wakubwa hao na ubao wao mle chumba cha ufugaji. Alitaka kushinda, na alitaka kushinda palepale mbele ya macho yao.

"Si lazima iwe leo," mwanafunzi alisema.

"Ni lazima," Profesa alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na haki. Hilo ndilo lililomchoma Mama Vizimba zaidi. Profesa alilisogeza sanduku la gesi la kuulia panya kutoka chini ya meza, akafungua mfuniko, akaingiza mkono kizimbani na kumwinua panya mmoja kwa mkia.

"Mrudishe chini."

Profesa alimrudisha. Hakuwahi kusikia sauti ile kutoka kwa mtu anayemfagilia ofisi.

"Nitafanya mimi," Mama Vizimba alisema. "Lakini hakuna anayetoka humu. Mlinileta niseme nimekosea, basi kaeni mlione kosa langu."

Wakakaa. Aliwachukua watatu wake kwanza, mmoja mmoja, viganja viwili, na kila mmoja alipanda bila wasiwasi, akateremkia sandukuni kana kwamba amepelekwa kizimba kipya chenye maranda safi. Mikono yake haikutetemeka. Aliilaani kimoyomoyo kwa kutotetemeka, na kwa kuaminiwa vile. Wa kulia walikuwa wagumu zaidi. Wa nne na wa tano walizunguka kizimba wakimkwepa, naye hakuwafukuza, aliacha viganja palepale hadi miguu ikamuuma.

Wa sita, yule aliyejinyea ubaoni, alipanda mwishoni kabisa. Alijikunja katikati ya viganja na mwili wake mzima ulikuwa unatikisika, moyo ukigonga ngozi ya kidole gumba cha Mama Vizimba upesi mno kuhesabika. Profesa akatazama saa.

"Bado anaogopa," Mama Vizimba alisema, bila kuinua uso.

Mfuniko ulikuwa wazi. Wote wanne wakasimama pale, wakimngoja panya atulie.