Dawa Baada ya Sala

Kwetu dawa haikumezwa kabla ya sala. Ndivyo alivyopanga mke wangu tangu tulipoambiwa, sote wawili ndani ya wiki moja, kwamba tuna presha. "Hata maradhi tunagombania," nilimtania, akacheka mpaka akashika meza.

Kila asubuhi, kabla sijaenda kwenye kibanda changu cha kushona viatu, tulikaa jikoni yeye akaomba, maana mdomo wangu ulijua kulaani misumari tu. Aliwataja watoto, majirani, hata wateja waliosahau viatu vyao kwangu. Nikiona anafika mbali, namkoholea. "Tulia, mzee, presha yako haina haraka," ananiambia, kisha anaendelea. Nazikumbuka asubuhi zile mpaka roho inauma.

Alipofariki, si kwa presha bali kwa homa ya siku nne, nilimnunia Mungu. Sala ikanishinda, na dawa nayo ikabaki kwenye pakiti. Kuimeza hivihivi niliona kama kumruka mke wangu. Miezi mitano. Kichwa kiligonga, sindano nikaiona mbilimbili, na kliniki nikamdanganya muuguzi kwamba nameza. Akapima, akaniangalia. "Baba, ukiendelea hivi utapooza, au tutakuzika." Nikasema sawa, nikaenda zangu.

Jumamosi binti yetu akaja, akazikuta pakiti kabatini, zimejaa. Nilijiandaa kukaripiwa. Badala yake akaketi, akatoa pakiti mpya mkobani.

"Nimepimwa juzi, baba. Na mimi ninayo."

Ana miaka thelathini na mmoja tu.

"Umeshameza?"

"Bado. Kwetu si mpaka mtu aombe?" Akanikazia macho. "Nakungoja wewe."

Nilitaka kumfokea ameze upesi, asichezee uhai wake. Lakini nani alikuwa ameuchezea wake miezi mitano?

Nikafumba macho. Sikuomba vizuri. Nilianza kwa lawama, nikamwambia Mungu wazi kwamba bado nina hasira naye kwa kumchukua mke wangu. Kisha sauti ikakatika.

"Huyu niachie," nikasema. "Na mimi niache kidogo, nimwone akizeeka."

Binti alikuwa analia. Nilimpa dawa yake kwanza, nikahakikisha ameimeza, ndipo nikachukua yangu.