Mashemeji wa Tumboni

Alhamisi, tarehe tisa Machi, ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika, na usiku wa jana niliota nimerudishwa siku hiyo. Mke wangu Mwanaidi amelala kwenye benchi la zahanati yetu. Jengo jipya, rangi mbichi, daktari hakuna. Aliyepo ni kiongozi aliyekuja kuzindua, mkasi mkononi. Namwambia kiongozi kwamba mke wangu anakufa. Anasema kila jambo lina utaratibu wake, anakata utepe, mlango unafunguka.

Ndani haikuwa zahanati. Lilikuwa tumbo langu. Nililijua kwa harufu ya soda, ninayoshindia na mkate tangu msiba.

Ni mtaa kama mitaa mingine. Vibanda vimebanana kuteremka hadi bondeni, lakini hakuna jiko hata moja linalofuka moshi. Kila mlango una alama ya X nyekundu, ile ya bomoabomoa. Kizingitini ameketi bibi mmoja, mdogo kuliko punje ya uwele, anabandua ukuta na kuula.

Nikamwamkia. Akaitikia, akajifunika kanga usoni.

"Usinitazame sana, baba. Mimi ni mama mkwe wako."

Nikageukia pembeni, adabu ni adabu. Akanieleza kwamba siku Mwanaidi anazaliwa, yeye na ndugu zake, vijidudu wa tumboni, walitoka naye kwa mama yake, wakamwingia kabla mkunga hajamfuta. Kisha miaka thelathini na mmoja mimi na Mwanaidi tukala sahani moja, tukanywa kata moja, na ukoo wake ukawa unahamia kwangu kidogo kidogo, hata nusu ya tumbo langu ikawa mashemeji. Alipozikwa, waliokuwa kwake wakaenda naye. Duniani wakabaki hawa wa kwangu.

"Ile hamu ya kunde changa uliyoipata ukubwani," akasema, "ulidhani ni yako?"

Nikauliza wamebaki wangapi. Akasema saba, na mmoja wao hasikii vizuri.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikataka kujua ni kiongozi gani anaacha watu wanakula nyumba. Huko juu, kwenye kibaraza cha ofisi, alisimama Mkate Mweupe na mkoba kwapani. Nikampigia kelele ateremke. Akajibu kwamba yeye hugawanywa huko huko juu mpaka anakwisha, bondeni hajawahi kufika na njia haijui. Nikasema hata kwetu ni hivyo, kila kinacholetwa kinaishia wilayani.

Mama mkwe akasema zamani za Mwanaidi yalikuwa yanashuka maganda ya uwele, kunde, mlenda. Wakubwa wa juu hawana meno ya vitu hivyo, basi wanavisukuma bondeni, na huku ndiko vilikopikwa.

"Tukila, tunaukandika ukuta wako," akasema. "Tusipokula, tunaula."

Nikaelewa yale maumivu ya tumbo yanayoniamsha kila alfajiri.

"Na hizi X?"

Akasema alipita Kidonge, nusu mwekundu nusu wa njano, na brashi yake. Hakuuliza nani mwizi nani mkwe, alipiga alama nyumba zote. Nikadai barua iliyomtuma. Akanipa, chini imepigwa dole gumba. Mimi ni wa darasa la nne, lakini dole gumba najua kulisoma. Lilikuwa langu, na kovu lake la panga.

"Limeghushiwa," nikasema.

"Vidonge ulivinunua mwenyewe dukani, baba, bila kupimwa, kwa tumbo la kuharisha la siku moja."

"Hii serikali..." nikaanza.

"Serikali ni wewe," akasema, tena kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. "Huku hatuna mwingine."

Sijawahi kuwa mkubwa wa kitu chochote.

Ndipo nikaona vifurushi vimefungwa mlangoni. Akaniambia jua likichomoza hawajala, wanaondoka, hawataki kuendelea kunilia nyumba. Nikauliza wataenda wapi. Akasema hakuna pa kwenda. Nikaelewa kwamba hao saba ndio Mwanaidi aliyebaki, na nisipowalisha nitamzika mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu.

"Nisubirini," nikasema. "Napika."

Nikakimbia, na hatua ya pili ikakanyaga jikoni kwetu. Jiwe la kusagia likakataa kusogea. Likasema tangu msiba sijalijulia hali. Nikaliamkia. Likakubali kusaga, ila likauliza kwanza, mlenda wa Mwanaidi ulikuwa unatiwa magadi kiasi gani?

Sikujua. Miaka thelathini na mmoja nimekula, sikuuliza hata siku moja. Nikaliambia jiwe kwamba wanaohusika hawakunifundisha.

Dirishani kunapambazuka. Nimeshika mwiko mkavu. Nalia, mtu mzima, mbele ya jiwe, nawaomba mashemeji wangu saba wasiondoke, nitakula hata majani, nitatafuna hata pumba.

Nyuma yangu nikasikia sufuria inakwanguliwa taratibu, kama anavyokwangua mtu asiyetaka kumwamsha mwenziwe. Nikageuka. Nikaamka.

Jua lilikuwa limetoka. Tumbo halikuniuma. Nilikwenda jikoni, jiko baridi, majivu ni yale ya mwezi uliopita, mlango umekomewa kwa ndani. Nikakaa chini nikifikiri, na ulimi ukagusa kitu katikati ya meno ya nyuma. Nikakichokoa, nikakiweka kiganjani. Ganda la uwele, bado laini.

Uwele haujaingia nyumba hii tangu Mwanaidi afariki. Asubuhi hii nimewauliza majirani, wamenionea huruma. Nimemuuliza hata mtendaji wa kata, akasema jambo hilo si la ofisi yake. Basi ni la ofisi ya nani? Mtu nimelala, mlango nimekomea mwenyewe. Ni nani aliyenilisha?