Ukungu Nyuma ya Bi Maisa

Kamugisha alifundisha fizikia miaka kumi na tisa kabla ya kufungua studio ya picha Tegeta, na kazi zote mbili zilimchosha kwa namna moja: watu walitaka matokeo, hawakutaka sababu. Siku hizi walitaka ukungu. Picha ambayo nyuma yake kumefifia iliaminika kuwa imepigwa kwa kamera ya gharama.

Bahiya alimwita nyumbani kwao Madale ampige picha mama yake, Bi Maisa, ili aitume kwa kaka yake Azan, aliyekuwa akifanya kazi Maskati.

"Mwalimu, ukungu uwe mzito," alimnong'oneza getini. "Ile alama isionekane."

Alama yenyewe ilikuwa X nyekundu ukutani, kubwa kama dirisha. Watu wa barabara waliichora mwezi uliopita. Nyumba ilikuwa ya kubomolewa ili barabara ipanuliwe, na Azan hakuwa ameambiwa.

"Akijua ataacha kazi, aje kugombana na katapila," Bahiya alisema.

Kamugisha alimwamkia Bi Maisa, akaitikiwa. Kiti cha bibi huyo kilikuwa barazani, hatua moja tu kutoka ukutani.

"Naomba usogee mbele hatua tano, Bi Maisa."

"Kwenye jua? Mie sitoki kivulini."

Kwa sauti ileile aliyofundishia kidato cha pili, Kamugisha alimweleza Bahiya kwamba ukungu haununuliwi pamoja na kamera. Ni suala la umbali: ukuta ukiwa mgongoni mwa mtu, lenzi huviona vyote viwili karibu sawasawa. Tundu la lenzi likifunguliwa sana, sehemu inayoonekana vizuri huwa nyembamba mno.

"Basi lifungue lote."

Alilifungua lote, akausogelea uso, akapiga. Kwenye kioo cha kamera X ilikuwa doa jekundu.

"Utadhani ni waridi!" Bahiya alisema. "Nani atajua?"

Bi Maisa akaomba aone. Alikitazama kioo kwa muda mrefu.

"Macho ninayo. Masikio yangu yako wapi?"

"Yameingia kwenye ukungu."

"Loo! Mmenifuta masikio ili mfiche rangi ya watu wa barabara? Azan ana mvi kidevuni, si mtoto. Mwalimu, piga kila kitu kionekane."

Bahiya akaenda kusimama mbele ya X. "Mwalimu, aliyekuita ni mie."

"Nyumba ikibomolewa, nitahamishwa na nani?" mama yake alimuuliza. "Wewe hata godoro huliwezi."

Kamugisha hakumtetea yeyote. Alilibana tundu la lenzi hadi namba kumi na moja, ili vya mbele na vya nyuma vionekane sawa, akarudi nyuma, akasubiri kama alivyozoea kusubiri darasa linyamaze. Hatimaye Bahiya aliondoka ukutani, akaketi sakafuni karibu na miguu ya mama yake. Ndipo Kamugisha akapiga. Masikio yalionekana, na michirizi ya rangi pia.

Aliihamishia picha kwenye simu ya Bahiya, ambaye aliituma bila kuandika neno. Kamugisha hakuwa amemaliza kufunga begi simu ilipoita. Bahiya alilitazama jina la Azan, kisha akampa mama yake simu.