Kufundishwa Kulia

Mume wangu Grégoire ni mtu mwema, lakini ana kichwa kigumu mpaka unachoka. Asubuhi ile nilikuwa Mbarara, kwenye kliniki moja ya mtaa wa Ruti. Dokta Ancilla alinipa kidonge cha kutuliza woga, akaniambia nieleze usiku ule wa Uvira, kwetu tulikokimbia, askari walipovunja mlango wetu. Nikaeleza. Kisha akanionya.

"Hofu ukiikumbuka, inakuwa laini kama udongo wa matofali. Halafu inakauka tena. Leo iache ikauke polepole. Mtu asikuulize, asikutishe. Sawa nnyabo, mama yangu?"

Miaka yote hii nashtuka hata jirani akibisha hodi kuomba chumvi. Nilitaka hofu ile ikauke ikiwa ndogo. Hilo tu.

Nafika nyumbani Base Camp, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, Grégoire ameshaweka kiti katikati ya chumba. Alhamisi tulikuwa na mahojiano ya kwenda Kanada, na huku kambini familia hufanya mazoezi kwanza.

"Mama Parfait, eleza. Na ulie! Juzi ulieleza mbio mbio kama mutu anakimbia mvua. Bazungu habaamini mutu asiye na machozi."

"Dokta amekataza."

"Dokta njo yeye atatupeleka Kanada?"

Nilimwomba aniache mpaka kesho. Unadhani alisikia? Alitoka nje, akafunga mlango wa bati, akaupiga ngumi kwa nguvu zote kama wale askari, ati ananisaidia kulia! Moyo uliruka, lakini hasira iliuzidi woga. Nikafungua, nikamvuta ndani, nikamkalisha kwenye kiti chake.

"Kama unajua kulia, Baba Parfait, lia wewe. Eleza! Miye nitakuangalia."

Akakohoa, akaanza kwa sauti ya mahojiano. Alikuwa chini ya kitanda. Aliona viatu vya askari. Aliona miguu yangu ikiburutwa. Hapo sauti ikakatika. Habari ya miguu yangu hakuwahi kunieleza tangu siku ile. Alilia mpaka pumzi ikamshinda, na bado, Mungu wangu, akaninyooshea kidole.

"Unaona? Njo vile. Njo vile unapashwa kulia."

Nilitaka kumpiga kofi. Nikapiga magoti, nikamkumbatia.

"Nyamaza, Baba Parfait. Hakuna kueleza tena. Alhamisi tutaenda na macho makavu. Bazungu bakitukatalia, batukatalie tukiwa tumelala vizuri."