Pimamaji Apimwa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na shahidi yupo. Shahidi mwenyewe nimemuoa.

Kazi yangu ni kupanga vigae. Sakafu, bafu, jikoni, popote mtu anapotaka pang'ae, mimi hupiga magoti. Mafundi wenzangu waliniita Pimamaji, kwa kuwa sikuhitaji kile kifaa cha jina hilo cha kupimia usawa, chenye kiputo cha hewa ndani. Nilikuwa nikiutupia mstari jicho tu, najua kama umelala sawa au umelewa. Mke wangu ndiye mwenzangu kazini. Huchanganya gundi, hukata vigae, na hunikumbusha makosa yangu, hata yale ambayo sijayafanya bado.

Likaja bafu la mwalimu mmoja mstaafu. Nikapanga ukuta mzima huku nikipiga mluzi. Mke wangu akasimama mlangoni, akainamisha kichwa upande.

"Baba watoto, huu ukuta unaelekea wapi?"

Nikacheka. Kisha nikafumba jicho la kushoto, nikatazama kwa la kulia peke yake. Ukungu mtupu. Hata ndoo yetu nyekundu ilikuwa imepauka kama shati lililofuliwa mno. Kicheko kikanikauka. Na mguuni kulikuwa na ganzi ambayo kwa muda nilikuwa nikivisingizia viatu.

Tuliubomoa ukuta, tukaupanga upya, yeye akiangalia mstari. Kesho yake akanipeleka hospitali kama mtu anayerudisha redio mbovu dukani. Daktari wa macho akatuelekeza kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na muuguzi akanieleza mapema yatakayofanyika huko.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipochipua. Nilikuwa nimepewa kupanga sakafu ya ukumbi mpya wa mikutano, sakafu pana kuliko zote nilizowahi kugusa. Nikajiambia, wakinikuta na ugonjwa, ukumbi umekwenda na jina langu limekwenda. Basi nikaamua vipimo nitavifaulu. Kila jioni nilifanya mazoezi sebuleni kwetu, kisigino mbele ya kidole, nikifuata mstari wa vigae. Mke wangu alinitazama, akatikisa kichwa, akaendelea kumenya viazi.

Daktari alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha karibu. Akanigonga magoti kwa nyundo ndogo, akanitembeza kwenye mstari. Nilitembea vizuri mno, kama bwana harusi. Kisha akatoa chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga kikavuma, akakisimamisha kwenye kidole gumba cha mguu.

"Unahisi kinatetemeka?"

"Nahisi sana."

Akakigonga tena, akakirudisha palepale. "Na sasa?"

"Sasa ndiyo usiseme, daktari! Kinapanda mpaka kisogoni, kama mashine ya kukatia vigae!"

Daktari akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dari.

"Baba," daktari akasema taratibu, "safari hii nimekinyamazisha kwa kiganja kabla sijakugusa."

Mke wangu alicheka mpaka akashikilia meza. Mimi nilitafuta pa kuweka uso, sikupata.

"Huu si mtihani wa kupanda darasa," daktari akaniambia. "Ukinidanganya, dawa nitaandikia mguu wa nani?"

Nikakubali kupimwa kama mtu mzima. Wakatoa damu, ili kuhakikisha si magonjwa mengine yanayoiga dalili kama zangu. Kabla ya MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, nikaambiwa niache vyuma vyote nje. Nikakung'uta mifuko, ikatoka tepu, misumari na kisu cha kupakia gundi. Wengine huogopa kelele za mashine ile. Mimi nimezeeka kwenye kelele, nikalala. Mtaalamu akaniita kwenye kipaza sauti: "Fundi, tulia, ukikoroma kichwa kinacheza!"

Kipimo kilichofuata ndicho kilichoniumbua tena. Walinibandika nyaya kichwani, wakaniziba jicho moja, wakaniweka mbele ya skrini yenye miraba myeupe na myeusi iliyokuwa ikibadilishana nafasi bila kupumzika. Kazi yangu ilikuwa kuikodolea macho nukta nyekundu ya katikati, wao wapime ujumbe wa jicho unachukua muda gani kufika kwenye ubongo. Kitu chepesi. Lakini mpangaji vigae umwekee miraba myeupe na myeusi, halafu umwambie atazame nukta?

Mtaalamu alitazama karatasi yake, akakunja uso. "Mzee, macho yako yalikuwa wapi?"

"Pembeni kule juu. Nilidhani kuna kigae kimepinda."

Ikabidi turudie. Mke wangu akaniinamia sikioni: "Macho kwenye nukta, Pimamaji. Hiyo sakafu si yetu." Nikatulia, na mawimbi yakasema kweli: ujumbe wa jicho la kulia ulikuwa ukichelewa njiani.

Wakamalizia kwa kunitoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Nikajikunja ubavu kama jongoo, mke wangu akanishika mkono. Nilipohisi baridi kiunoni nikapiga ukelele uliofika korido.

"Hiyo ni pamba ya spiriti tu," muuguzi akasema.

Majibu yalipotoka, mzaha ulinitoka kidogo. Nilikuwa nikiogopa uvimbe kichwani, na jambo hilo sikuwa nimemwambia mtu. Daktari akatuonyesha picha: madoa meupe, mengine ya zamani, mengine mapya.

"Hakuna kipimo kimoja kinachotosha," akasema. "Lakini picha, jicho, maji ya mgongo na maelezo yako ya kweli, ukiviweka pamoja, vinasema kitu kimoja. Si uvimbe. Ni ugonjwa unaoitwa MS kwa kifupi. Kinga ya mwili wako inatafuna ganda la mishipa ya fahamu, kama waya uliochunika plastiki."

"Unapona?" mke wangu akauliza.

"Hauondoki. Ila tumeuwahi, na dawa zipo za kupunguza mashambulizi. Hilo jicho nalitegemea litarudi. Kazi fanya, ukichoka pumzika, na usione haya kusaidiwa."

Si uvimbe! Tulipofika nje nilimwinua mke wangu mbele za watu mpaka akanipiga begani nimshushe. Sikuwa nimepona, najua. Lakini adui mwenye jina huwezi kumlinganisha na yule anayekunyemelea gizani.

Dawa nikaanza. Asubuhi moja nikafumba jicho la kushoto, nikatazama ndoo, ikawa nyekundu hasa. Nikaizungusha uani nikiimba, majirani wakachungulia.

Sasa tuko ukumbini. Sakafu inang'aa mpaka katikati. Jana mke wangu alivuta uzi wake kutoka ukuta hadi ukuta, akapiga magoti, akaanza kukagua mstari wangu mbele ya mafundi wote. Wakaacha kazi kututazama.

"Mama watoto, unaniaibisha," nikamwambia. "Jicho limerudi. Tangu lini Pimamaji akakaguliwa mstari?"

Hakuinua hata kichwa.

"Tangu uliposikia chuma kilichonyamaza kikikupanda mpaka kisogoni."